Vilima vya Mwanza vimegeuka visiwa: kumegwa kwa makazi kunavyowaumiza pimbi, mvule na hata furu wa ziwani

Mpima_wa_Mawe (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa viwanja. Ni mambo mawili tofauti japo yanakutana njiani.

Nilisomea wanyamapori, maisha yakanipeleka kwenye upimaji ardhi. Mchana naweka bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, jioni nawaza bikoni zile zimekata nini. Ndiyo maana naandika.

Panda kilima chochote cha hapa mjini, uwe Bugando, uwe Isamilo, uangalie kuelekea Mabatini na Igogo. Nyumba zimepanda hadi zimeegemea mawe. Ukimwambia mtu mazingira yanaharibika anakujibu "mawe si yapo?" Ni kweli yapo. Hata pimbi bado wapo juu ya baadhi ya mawe hayo. Asubuhi utawaona wamejipanga wanaota jua. Kilichoondoka ni ile sehemu ya katikati, vichaka na nyasi zilizounganisha jiwe hili na jiwe lile. Kwa binadamu ile ilikuwa "pori tu". Kwa pimbi ilikuwa barabara.

Pimbi anaishi kwa ukoo: dume mmoja, majike kadhaa, watoto. Kijana akikua lazima baadhi waondoke wakatafute mwamba mwingine na wenzi wasio ndugu zao. Mtafiti Hendrik Hoeck alianza kuwafuatilia pimbi wa vilima vya mawe vya Serengeti miaka ya 1970, na mwaka 2001 yeye na Gabriele Gerlach wakachapisha matokeo ya vinasaba vyao. Waliona koloni za vilima vidogo zinakufa kabisa, kisha kilima kinapata wakazi wapya kutoka kwa majirani. Yaani koloni moja kufa si msiba wa mwisho, mradi jirani yupo na njia ipo. Kitu kingine kilichonifurahisha: kwa pimbi, majike ndio wahamaji zaidi, wakati kwa mamalia wengi madume ndio wanaoondoka.

Sasa leta hadithi hiyo Mwanza. Kati ya mwamba na mwamba kuna ukuta wenye vipande vya chupa juu, mbwa watatu, lami na bodaboda. Koloni ikifa juu ya mwamba wenye nyumba pande zote, nani atakuja kuirithi?

Hiki ndicho wataalamu wanaita kumegwa kwa makazi. Eneo linapungua, halafu kile kilichobaki kinagawanyika vipande visivyofikiana. Watu wengi wanaona la kwanza tu. Nataka tujadili la pili.

Ngosha_Halisi

Uzi bila picha ni batili.

Kiwanja_Buswelu

Mkuu kwa heshima zote, watu wanazaana, wanahitaji pa kulala. Mimi kiwanja changu nimekipata kwa jasho, halafu uniambie nimuachie pimbi? Pimbi mwenyewe kuna watu wanamfanya kitoweo. Tanzania ina hifadhi kibao, Serengeti iko hapo jirani, wanyama waende huko.

Mama_Kokoto

Kwetu huku shida si nyumba peke yake, ni kupasua mawe. Wanakusanya magogo na matairi, wanawasha moto juu ya jiwe mpaka lichemke, kisha nyundo. Jiwe linaachia magamba makubwa. Zile nyufa walizokuwa wanaingia pimbi na mijusi zinaisha zote, panabaki shimo la maji ya mvua na mbu. Ila ndiyo ada ya watoto, msitulaumu kabla hamjatupa kazi nyingine.

Mpima_wa_Mawe

Mama Kokoto, silaumu mtu, na asante kwa kuleta suala la nyufa. Yule mjusi wa kichwa chekundu na mwili wa buluu anayepiga "push-up" juu ya mawe yetu, jina lake la kitaalamu ni *Agama mwanzae*, jina la mji huu. Naye makazi yake ni mwamba wenye nyufa. Kokoto haimsaidii.

Kiwanja_Buswelu, hoja ya "waende Serengeti" nimeisikia sana, hata ofisini. Ngoja nikujibu kwa hesabu ya kazi yangu.

Chukua msitu wa hekta moja wenye umbo la mraba, mita 100 kwa 100. Ukingoni pa msitu jua linaingia, upepo unakausha udongo, magugu kama lantana yanapenya, mbuzi na moto wa shamba navyo vinaingia. Tuseme athari hiyo inafika mita 50 ndani. Hekta yako nzima imekuwa ukingo. Ndani hamna kitu, ingawa kwenye ramani yangu bado inasomeka "msitu, hekta 1". Sasa chukua hekta 100, kilomita moja kwa kilomita moja. Ukitoa mita 50 kila upande unabaki na mita 900 kwa 900, yaani hekta 81 za msitu wa kweli. Zikate zile hekta 100 ziwe vipande 100 vya hekta moja moja: jumla ya eneo haijapungua hata mita moja, lakini msitu wa ndani umetoka 81 hadi sifuri.

Hili si la kwenye karatasi tu. Karibu na Manaus, Brazil, tangu 1979 kuna jaribio lililoanzishwa na Thomas Lovejoy, la kuacha vipande vya msitu vya hekta 1, 10 na 100 na kufuatilia kinachotokea. Ndege wa chini ya msitu walipotea haraka kwenye vipande vidogo, na miti mikubwa iliyokuwa karibu na ukingo ikawa inakufa kwa kasi kuliko ya ndani. Mwaka 2015 Nick Haddad na wenzake walikusanya majaribio ya aina hiyo kutoka mabara kadhaa: bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, ilipungua kati ya asilimia 13 na 75. Wakapima na misitu ya dunia, wakakuta asilimia 70 ya msitu uliobaki uko ndani ya kilomita moja kutoka ukingoni.

Hapa nchini mtafiti William Newmark ameona jambo hilohilo kwa ndege wa misitu ya milima ya Usambara Mashariki. Kuna ndege ana mabawa mazima lakini havuki uwazi mdogo tu wa shamba. Amezoea kivuli. Unamwambiaje aende Serengeti?

Mhaya_wa_Muleba

Wakuu, hapa kwetu kuna mvule mkubwa sana, babu aliuacha alipofyeka mashamba kwa sababu ya kivuli na heshima. Ni mmoja tu, wengine walishapasuliwa mbao. Hatujawahi kuona mche hata mmoja kuzunguka pale. Wazee wanasema "umezeeka". Ni hivyo?

Bwana_Miti

Mkuu wa Muleba, mvule haujazeeka, mvule ni mpweke. Mvule una dume na jike, miti tofauti. Dume unatoa maua ya chavua, upepo unapeleka kwa jike, jike ndio unazaa matunda. Kama wa kwenu ni dume, hautazaa milele. Kama ni jike na dume wa karibu alishakuwa kabati mjini, unaweza kuzaa kidogo au usizae.

Na si hilo tu. Mbegu za mvule zinasambazwa sana na popo wala matunda. Mche ukiota palepale chini ya mama yake unakutana na kidudu kinachoitwa *Phytolyma* kinachofanya majani yavimbe vinundu kisha yaoze. Miche iliyosambaa mbali ina nafuu kidogo. Kwa hiyo mvule unahitaji mwenzi, upepo, popo, na mahali pa kuangukia mbegu pasipo jembe. Ukikata kimoja katika hivyo, mti utaendelea kusimama miaka mia huku ukoo wake umeshaisha.

Watafiti wanaita hali hiyo deni la kutoweka. Kiumbe kipo, unamgusa, unamhesabu kwenye sensa, lakini hesabu yake ilishafungwa siku njia ilipokatwa. Kwa miti ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inaishi muda mrefu, inatudanganya.

Ushauri: tafuta mbegu au miche kutoka mivule zaidi ya mmoja, maeneo zaidi ya mamoja ya Kagera. Usichukue miche yote kwa mama mmoja, utapanda ndugu watupu.

Mhaya_wa_Muleba

Ahsante sana. Kumbe babu aliacha mjane.

Nusu_Profesa

Mada nzuri, ila naona mleta uzi anapeleka mambo upande mmoja. Wapo wanasayansi wanaosema tatizo ni kupungua kwa eneo, si kugawanyika kwenyewe. Lenore Fahrig wa Canada amepitia tafiti nyingi (mwaka 2017) akaonyesha kwamba ukishatenganisha mambo hayo mawili, pale kugawanyika kunapoonekana kuwa na athari, mara nyingi athari hiyo ni chanya. Vipande vingi vinaweza kubeba aina nyingi zaidi kuliko pande moja kubwa la eneo lilelile. Ubishi huu umekuwepo tangu miaka ya 1970. Usiwape watu imani kwamba limeamuliwa.

Mvuvi_Igombe

Halafu mnaongea nchi kavu tu. Na sisi wa majini? Zamani furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, walikuwa wa kila rangi. Leo mnasema pimbi.

Mpima_wa_Mawe

Mmekuja wawili kwa pamoja na mmenipa jibu moja. Kaeni mkao wa kula.

Nusu_Profesa, uko sahihi kwamba ubishi upo, na mfano mzuri kuliko yote duniani wa vipande kuzaa utajiri uko mbele ya Mvuvi wa Igombe: furu. Ziwa hili la Victoria lilikauka karibu miaka 15,000 iliyopita, likajaa tena. Ndani ya muda huo likapata spishi zaidi ya 500 za furu ambazo hazipo kwingine. Kwa kipimo cha mageuzi, hiyo ni jana asubuhi.

Sehemu ya siri yake ni vipande. Wale furu wa kwenye miamba, ambao wavuvi wa huku wanawaita mbipi na watafiti wakachukua jina hilohilo, hawapendi kuvuka mchanga na tope. Kila kisiwa cha mawe, kila rundo la miamba chini ya maji, ni kijiji chenye watu wake. Kutoka kisiwa hadi kisiwa rangi na vinasaba vinabadilika. Pimbi wa majini, ukipenda.

Sasa mbona vipande vya ziwani vilizaa na vya mjini vinaua? Kwanza muda: samaki wale walipewa maelfu ya miaka, na kila kundi lilikuwa na maelfu ya samaki. Pili mtaji. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba furu wa Ziwa Victoria walitokana na koo mbili za zamani zilizochanganyika kabla ya mlipuko huo wa spishi. Walianza wakiwa na akiba kubwa ya tofauti za vinasaba, kisha wakagawana. Sisi tunawagawa viumbe ambao akiba tumeshawanyang'anya.

Na tazama jinsi tulivyovuruga. Kila mtu anajua habari ya sangara aliyeletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akawa anawala furu, na furu kuporomoka miaka ya 1980. Inakadiriwa spishi kama 200 zilipotea. Lakini kuna kisa kingine ambacho hakisemwi sana. Kuna mbipi wawili, mmoja dume lake ni la kibuluu, *Pundamilia pundamilia*, mwingine dume lake ni jekundu mgongoni, *Pundamilia nyererei*, aliyepewa jina la Mwalimu. Jike anachagua dume kwa rangi. Kule Makobe maji ni meupe, kila jike anamuona wake, spishi mbili zinakaa jiwe moja bila kuchanganyika. Njoo ndani ya Ghuba ya Mwanza, kisiwa cha Luanso, maji ni ya tope na kijani: rangi hazionekani, jike anabahatisha, na spishi mbili zimekuwa kundi moja la rangi ya katikati. Ole Seehausen na wenzake waliandika juu ya hili mwaka 1997. Mbolea, maji taka na udongo kutoka milimani vinaua spishi bila kuua samaki hata mmoja.

Kwa hiyo Nusu_Profesa, sisemi kila mpaka ni mbaya. Mpaka wa asili ulikuwa unatenganisha furu na tumeufuta. Njia ya asili ilikuwa inaunganisha pimbi na tumeiziba. Tumefanya yote mawili kinyume.

Mvuvi_Igombe

Hapo nimekuelewa. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa hata mimi sioni ninachovua.

Ngege naye, yule perege wetu wa asili, je? Sato alipoletwa, ngege akapotea.

Nusu_Profesa

Hoja nzuri, nakubali ya muda na mtaji.

Kuhusu ngege: sato na wenzake waliletwa miaka ya 1950, wakamshinda ngege na pia wanazaana naye. Leo ngege wa asili wanapatikana kwenye viziwa vya pembeni vilivyojitenga. Maarufu ni Ziwa Kanyaboli upande wa Kenya, ndani ya kinamasi cha Yala, ambako mafunjo yalizuia sangara kuingia. Kujitenga kumemuokoa. Ila mtu akimwaga sato wa bwawani mle ndani, hadithi imeisha, kwa sababu ni vinasaba vya ngege vitakavyomezwa.

Ngosha_Halisi

Nyie watu mmesoma jamani. Naomba mtu anifafanulie hili la vinasaba kwa lugha ya stendi ya Buzuruga. Wakizaana ndugu kwa ndugu kwani nini kinatokea? Kuku wangu wanazaana ndugu kila siku na mayai nakula.

Nusu_Profesa

Ngosha, kila mnyama ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba, moja ya mama. Baadhi ya nakala ni mbovu, lakini ukiwa na nzima moja, ile mbovu inakaa kimya. Ndugu wakizaana, mtoto anaweza kupata mbovu mbili za asili moja, na kile kilichokuwa kimya kinaongea: mimba zinaharibika, mbegu za kiume dhaifu, magonjwa.

La pili ni bahati nasibu. Kundi likiwa dogo, kila kizazi ni kama kuchota karata chache kutoka kwenye pakiti na kuzitupa zilizobaki. Baada ya mizunguko kadhaa unacheza na rangi moja. Hesabu ya Sewall Wright, mtaalamu wa vinasaba, inasema kundi lenye wazazi 10 linapoteza asilimia 5 ya tofauti zake kila kizazi. Vizazi 10 umebaki na kama asilimia 60. Kundi lenye wazazi 500 linapoteza asilimia 0.1 tu kila kizazi. Kuku wako akidhoofika unabadilishana jogoo na jirani. Pimbi hana jirani.

Mfano wa nyumbani: simba wa kreta ya Ngorongoro. Mwaka 1962 mvua kubwa zilileta mlipuko wa nzi wang'atao, simba wakabaki kama 10. Baadaye madume 7 yakaingia kutoka nje, kisha mlango ukafunga miaka mingi. Walipopimwa miaka ya 1980 tofauti za vinasaba vyao zilikuwa chini na mbegu za madume zilikuwa na kasoro nyingi kuliko za simba wa Serengeti pale jirani.

Ngosha_Halisi

Ngoja nikatafute jogoo wa kubadilishana.

Tembo_Hana_Adabu

Mimi niko Lamadi. Nimesoma uzi wote nikasema na mimi niseme. Mnasema njia za wanyama zisifungwe. Sawa. Serengeti upande wetu inakaribia kabisa ziwa, lango la Ndabaka liko barabarani pale. Tembo akitoka anapita shambani kwangu. Usiku mmoja tu mahindi kwisha. Ukienda kudai unaambiwa kifuta jasho, unajaza fomu, unasubiri, na kinachokuja hakifuti hata paji la uso. Hao wanyama wenu wa vinasaba wanalipa ada?

Mpima_wa_Mawe

Kaka wa Lamadi, hilo ndilo gumu kuliko yote na sina jibu la kukuridhisha. Nitakwambia tu kwa nini njia hizo zinapiganiwa. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa vinasaba vya nyumbu wa Afrika: makundi yaliyoachishwa kuhama yana tofauti chache za vinasaba na dalili nyingi za kuzaana ndugu, kuliko yale yanayohama kama wa Serengeti. Afya ya nyumbu hao zaidi ya milioni moja haitokani na wingi wao tu, inatokana na kutembea.

Serikali ilitunga kanuni za shoroba, yaani njia za wanyamapori, mwaka 2018, na baadaye zikatambuliwa shoroba 61 nchi nzima, 20 zikapewa kipaumbele. Shida yangu na mambo haya ni moja: ushoroba unachorwa kwenye ramani mjini, na mtu wa Lamadi anaambiwa akiwa ameshapanda. Anayebeba mzigo wa njia ndiye awe wa kwanza kulipwa, tena kabla ya mnyama kupita. Bila hivyo watu wataziba, na mimi siwezi kuwashangaa.

Kiwanja_Buswelu

Sasa hapo umeongea kama binadamu.

Nkwimba_wa_Kwimba

Mwadila wote. Nashangaa hamjataja ngitili na mko Usukumani.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa kipindi cha mvua, nyasi na miti vikue, ng'ombe waingie kiangazi kikikaza. Ya familia zipo, za kijiji zipo. Wakati wa ukoloni miti ya Shinyanga ilifyekwa sana ili kuua mbung'o, baadaye pamba, kuni, mifugo, nchi ikawa jangwa. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Hakuna aliyepanda miti mingi kiasi hicho. Watu walifunga eneo, visiki vikachipua vyenyewe.

Nyingi ni vipande vidogo, nusu ekari, ekari tano. Ukitumia hesabu ya Mpima ya mita 50 utasema havina maana. Lakini viko vingi na viko karibu karibu. Ndege, nyuki na popo wanaruka kutoka kimoja hadi kingine. Kwetu ndege walirudi, dawa za miti shamba zikarudi, na mwenye ng'ombe anafaidika, kwa hiyo anailinda mwenyewe bila askari.

Bwana_Miti

Nkwimba ameua mjadala. Ngitili ni ngazi za kukanyagia. Si makazi ya chui, ila mbegu na chavua zinapita. Na visiki vilivyochipua vina kitu ambacho kitalu hakina: ni vinasaba vya zamani vya palepale, kila kisiki na chake.

Mama_Kokoto

Nauliza, zile mita 60 za ufukweni wanazosema tusijenge, ndiyo ngitili ya ziwa?

Mpima_wa_Mawe

Unaweza kusema hivyo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Lengo kubwa ni kulinda maji, lakini ukanda ule ukiachiwa mafunjo na matete unakuwa njia pia. Kuna ndege mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa njano anayeishi kwenye mafunjo tu. Mafunjo yakikatwa mabaka mabaka, anapungua kwenye mabaka madogo. Na mafunjo hayohayo yanachuja tope linalomfanya furu ashindwe kuona mume wake. Mita 60 ni nyembamba, kwa hesabu ya ukingo haina "ndani". Inafaa kupitia, haifai kuishi kwa kila kiumbe. Ila tukiwa nayo yote bila kukatika tungekuwa mbali. Mimi mwenyewe nimekutana na viwanja vilivyopimwa mpaka maji yanapoanza, vikiwa na mihuri. Tuishie hapo.

Ngosha_Halisi

Na visiwa je? Saanane, Rubondo. Kule si hakuna viwanja?

Nusu_Profesa

Kisiwa kinalinda dhidi ya viwanja, hakilindi dhidi ya hesabu ya Wright. Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, ina kilomita za mraba 2.18 tu pamoja na maji. Swala wa pale hawawezi kujiendea popote. Binadamu ndiye lazima awe ushoroba wao.

Rubondo ni kubwa, hifadhi yake ina zaidi ya kilomita za mraba 450 pamoja na maji, na sokwe wake hawakuwa wa huku. Bernhard Grzimek aliwaleta 17 kati ya 1966 na 1969 kutoka Ulaya, walikokuwa wamefungwa, na asili ya wengi ni Afrika Magharibi. Wamezaana vizuri, leo wako wengi kuliko walioletwa. Lakini ukoo wote umetoka kwa wale wachache, na hata kati yao si wote waliozaa.

Mpima_wa_Mawe

Nyongeza, kwa sababu mtu atauliza kama kuna dawa. Puma wa Florida, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990 walibaki 20 hadi 30, mikia imepinda, mioyo ina matundu, madume hayana korodani zilizoshuka. Mwaka 1995 wakaletwa majike 8 kutoka Texas. Matano yakazaa, kasoro zikapungua, leo idadi imepita 100. Damu mpya inafanya kazi. Ila barabara zilizowakata bado zipo na bado magari yanawagonga, kwa hiyo mtu ameshakuwa nesi wa kudumu. Njia ni rahisi kuliko lori la kuhamishia wanyama.

Mgeni_Isamilo

Habari wakuu. Nimenunua kiwanja kina mawe makubwa nyuma na pimbi wapo, mke wangu amewapenda. Msingi wa ukuta tayari, matofali wiki ijayo. Nifanyeje wasikwame?

Mpima_wa_Mawe

Safi sana. Usizungushe ukuta katikati ya mawe, uishie pale jiwe linapoanza, jiwe lenyewe ni ukuta. Kwenye kona mbili za nyuma, upande unaotazama mawe ya jirani, acha matundu ya chini. Usipasue jiwe hata kama fundi anakuambia kokoto ni ya bure. Mbwa afungwe upande wa mbele. Na ule mkuyu mdogo uliojishikiza kwenye ufa, kama upo, uache.

Mgeni_Isamilo

Mkuyu upo. Matundu ukubwa gani? Na wezi?

Mpima_wa_Mawe

Sentimita 30 kwa 30, weka nondo moja wima katikati. Pimbi mkubwa ana kilo tatu nne hivi, anapita. Mwizi hapiti labda awe mtoto mchanga. Muhimu zaidi ongea na jirani wa nyuma naye aache tundu mkabala na lako, la sivyo umemjengea pimbi sebule isiyo na mlango wa nje.

Kiwanja_Buswelu

Jirani wa nyuma wa Isamilo mnamjua? Huyo hata maji ya mvua hataki yapite kwake.

Mgeni_Isamilo

Ni mjomba wangu. Nitamwambia ni kwa ajili ya maji ya mvua.